Boksi Lilikuwa na Mchoraji

Jioni ya Aprili 21, 1964, waalikwa wa maonyesho mapya ya msanii Andy Warhol walipanga foleni nje ya nyumba ya sanaa ya Stable Gallery, New York, wakaingizwa wachache wachache kwa sababu ndani palikuwa hapapitiki. Sakafu ilijaa maboksi. Yalikuwa yamebebana, yamebakiza vichochoro vya kupita mtu mmoja mmoja, kama stoo ya duka la jumla siku mzigo umeshuka. Kulikuwa na maboksi ya sosi ya nyanya ya Heinz, ya matunda ya kopo ya Del Monte, ya Corn Flakes za Kellogg's, na ya Brillo, zile nyuzi za chuma zenye sabuni za kusugulia sufuria. Ukiligonga moja kwa kidole, lilijibu kwa sauti ya ubao. Mafundi seremala walikuwa wametengeneza masanduku ya mbao, kisha Warhol na wasaidizi wake wakayapaka rangi na kuyachapa kwa skrini mpaka yakafanana na maboksi ya dukani.

Kati ya walioingia jioni ile alikuwamo James Harvey. Alikuwa mchoraji wa picha dhahania, zile zisizoiga umbo la kitu, ambaye kazi zake zilikuwa zikionyeshwa na nyumba moja ya sanaa, na kama wachoraji wengi wa wakati ule alilipa kodi ya nyumba kwa kazi nyingine: alisanifu vifungashio vya bidhaa. Mwaka 1961 aliwasanifia Brillo boksi jipya. Sasa alisimama mbele ya rundo la boksi lake, kwa rangi zake na mpangilio wake, na jina lililokuwa mdomoni mwa kila mtu mle ndani halikuwa lake.

Kisa hiki nimekaa nacho miaka mingi kwa sababu nami naishi kwa kuchora lebo. Niko Dar es Salaam, na wateja wangu ni wasindikaji wadogo: siagi ya karanga, asali, chai ya tangawizi, unga wa lishe. Kila ninaposoma habari za sanaa ya pop, ile iliyochukua vitu vya dukani na matangazo ikavifanya sanaa, nakutana na maelezo yaleyale, kwamba Warhol na wenzake walitufungua macho tukaona uzuri wa vitu vya kila siku. Nayakubali, na nina deni kwao. Lakini macho yalifunguka nusu. Watu walijifunza kuliona boksi, hawakujifunza kuuliza nani alilichora.

Tuanze na kile kilichobadilika kweli, maana mara nyingi kinaelezwa vibaya. Si kweli kwamba kabla ya sanaa ya pop makumbusho yalividharau vitu vya kawaida. Mwaka 1934, Museum of Modern Art ya New York ilifanya maonyesho ya vitu vya viwandani tupu: springi, beringi, propela ya meli, chupa za maabara, sufuria. Kati ya 1950 na 1955 makumbusho hayohayo, pamoja na soko kubwa la jumla la Chicago, yaliendesha maonyesho ya samani na vyombo vya nyumbani yaliyopewa jina la usanifu mzuri. Mama wa nyumbani aliweza kumwona mjuzi wa sanaa akilisifu bakuli kama lile la jikoni kwake.

Ila angalia vilivyochaguliwa. Beringi haina maneno. Bakuli halikushawishi ununue lingine. Vitu vile vilisifiwa kwa sababu vilikuwa kimya, vimevuliwa kila pambo, na uzuri wao ulitokana na kazi vinayoifanya. Lebo ya supu haikuwa na nafasi pale. Boksi lenye neno "MPYA" kwa herufi kubwa lilihesabiwa kuwa kelele za sokoni, na mtu mwenye elimu ya sanaa alitakiwa aipite kelele hiyo bila kugeuka.

Sanaa ya pop iligeuka. Huko London, mwaka 1957, msanii Richard Hamilton aliandika barua akiorodhesha sifa za utamaduni wa watu wengi: unapendwa na wengi, unapita haraka, bei rahisi, unazalishwa kwa wingi, wa vijana, una mvuto wa mapenzi, umejaa vibwagizo vya kuvutia macho, ni biashara kubwa. Mwandishi mwingine angeiandika orodha hiyo kama mashtaka. Hamilton aliiandika kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukishona. Kitu kilichotakiwa kutupwa baada ya kutumika kikawa kitu cha kuangaliwa kwa makini, pamoja na kelele zake.

Warhol alikijua kitu hicho kutoka ndani. Alifika New York mwaka 1949 akitokea Pittsburgh, na kwa miaka yote ya hamsini alikuwa mchoraji wa matangazo, hodari na mwenye kulipwa vizuri, hasa kwa michoro ya viatu vya I. Miller. Julai 1962, kwenye Ferus Gallery ya Los Angeles, alionyesha picha 32 za makopo ya supu ya Campbell's, moja kwa kila aina ya supu iliyouzwa wakati ule. Zilisimamishwa juu ya kijirafu chembamba kilichozunguka ukutani, kama bidhaa. Bei ilikuwa dola 100 kwa picha moja, na wanunuzi walikuwa wachache. Mwenye nyumba ile ya sanaa, Irving Blum, akawaomba walionunua waachie picha zao ili seti ibaki pamoja, akamlipa Warhol dola 1,000 kwa zote, kidogo kidogo kila mwezi.

Ukizitazama kwa karibu picha zile, kuna jambo dogo ambalo mchora lebo hawezi kulipita. Kwenye kopo halisi, katikati ya lebo, kuna medali ya dhahabu iliyotolewa kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, yenye michoro midogo sana ya watu. Warhol aliacha duara tupu la rangi ya dhahabu. Kazi ya medali dukani ni kumwambia mnunuzi amwamini mwenye supu. Ukutani haina wa kumshawishi. Alipoifuta, aliacha nyekundu na nyeupe zifanye kazi peke yake, na zikaweza. Rangi hizo mbili ziliingia kwenye lebo mwaka 1898, baada ya ofisa mmoja wa kampuni kuvutiwa na jezi za timu ya chuo kikuu cha Cornell. Kwa hiyo zilikuwa zimeshakaa jikoni mwa Wamarekani zaidi ya miaka 60 kabla msanii hajazigusa. Nguvu ya picha zile ni nguvu ya lebo iliyokuwa imeshashinda.

Na hapo ndipo narudi kwa Harvey, maana boksi lake ni ushahidi mzuri zaidi.

Lichukue mkononi, hata kwa mawazo tu. Ni jeupe. Juu na chini kuna maeneo mekundu yenye kingo za mawimbi, na kati yao weupe unapita kama mto unaozunguka pande zote za boksi. Juu ya weupe huo limekaa jina BRILLO, konsonanti zake kwa bluu, irabu I na O kwa nyekundu. Nyekundu, nyeupe na bluu: Mmarekani hahitaji kuambiwa ni rangi za nini. Maneno yanatangaza kwamba ndani kuna pakiti kubwa 24, kwamba dawa hii inang'arisha alumini haraka, na kwamba ni mpya. Hakuna picha ya sufuria, wala ya mama mwenye aproni. Maji yanayosuuza yamo kwenye umbo la wimbi, na mng'aro umo kwenye ule weupe.

Mtu asiyefanya kazi hii hawezi kujua ilivyo vigumu kufika hapo. Mteja wa siagi ya karanga anataka picha ya karanga, na mkono ulioshika karanga, na kipande cha mkate, na jua linachomoza, na bendera ya taifa. Kila kimoja kina sababu yake na mteja si mjinga. Anaogopa kwamba asiyeona karanga hatajua ni karanga. Kuondoa kimoja tu kunagharimu vikao vitatu. Harvey aliondoa vyote akabakiza wimbi. Na boksi la kubebea mzigo, tusisahau, halikuwa hata pakiti inayokaa rafuni. Lilikuwa boksi la nje, la kuchanwa kwa kisu na kukunjwa nyuma ya duka. Aliliwekea akili yote ile ingawa walioliona zaidi walikuwa makuli na watunza stoo.

Mwanafalsafa Arthur Danto, aliyefundisha chuo kikuu cha Columbia, aliingia kwenye maonyesho yale akatoka na swali lililomkaa maisha yake yote. Ikiwa macho hayaoni tofauti kati ya boksi la Warhol na boksi la dukani, kwa nini la kwanza ni sanaa na la pili ni boksi tu? Makala aliyoiandika mwaka huohuo inasomwa hadi leo. Swali ni zuri, lakini kwa namna lilivyoulizwa boksi la dukani liligeuka kuwa kitu kisicho na mwenyewe, kama jiwe lililookotwa njiani. Kwa sifa yake, Danto alirudi baadaye. Alimtaja Harvey kwa jina, akalichambua boksi lake rangi kwa rangi, akakiri kwamba kazi ya kuisifu Brillo ilifanywa na Harvey, na ilifanywa kwa ubora wa juu. Naongeza la kwangu: jioni ile kulikuwa na maboksi ya aina kadhaa mle ndani, yote yametengenezwa na mikono ileile ya Warhol na wasaidizi wake, lakini dunia inakumbuka Brillo. Kama uchawi wote ulikuwa wa Warhol, kwa nini boksi la sosi ya Heinz halikupata umaarufu uleule?

Mwaka 1965 maboksi hayo yalipotaka kuingia Kanada kwa maonyesho ya Toronto, forodha ilisimama. Sanamu iliingia bila ushuru. Bidhaa ilitozwa asilimia 20. Mkurugenzi wa makumbusho ya taifa ya sanaa, Charles Comfort, aliombwa maoni, akatazama picha za maboksi hayo akasema si sanamu. Mwaka huohuo James Harvey alifariki kwa saratani, kijana bado. Boksi moja la Brillo la Warhol lililonunuliwa kwa dola 1,000 mwaka 1969 liliuzwa New York mwaka 2010 kwa zaidi ya dola milioni 3.

Simlaumu Warhol kwa wizi. Alifanya jambo ambalo Harvey hakulifanya na pengine asingelifikiria: alikiondoa kitu mahali pake ili tukione. Hilo nalo ni kazi. Ninachosikitikia ni kwamba heshima ilimwendea aliyechagua ikamruka aliyechora, na tabia hiyo imebaki kwetu.

Kulikuwa na njia nyingine wakati uleule, na kwangu ndiyo iliyokuwa bora. Los Angeles kulikuwa na mtawa, Sista Corita Kent, aliyefundisha sanaa kwenye chuo cha Immaculate Heart. Mwaka 1962 aliyaona makopo ya Warhol, na tangu hapo hakuangalia duka la vyakula kwa macho ya zamani. Mwaka huohuo alichapa kwa skrini picha ya maduara 12 ya rangi, aliyoyatoa kwenye mfuko wa mkate wa Wonder Bread, nayo ikawa picha ya ekaristi: mkate wa dukani na mkate wa altareni kwenye karatasi moja. Maneno ya tangazo la nyanya za Del Monte aliyageuza kuwa sifa za Bikira Maria, na baadhi ya wakubwa wa Kanisa walichukizwa.

Kilichonishika zaidi ni namna yake ya kufundisha. Aliwapa wanafunzi kipande cha kadibodi kilichokatwa tundu la mraba katikati, akawapeleka vituo vya mafuta na madukani. Uliweka jicho kwenye tundu, ukatazama kipande kimoja cha dunia kwa wakati mmoja. Bango zima linakuelemea. Kona ya herufi R kwenye bango hilo unaweza kuiona.

Nimelijaribu mwenyewe. Msichana anayejifunza kazi kwangu nilimkatia tundu kwenye jalada la daftari nikampeleka Kariakoo, kwenye duka la jumla la mteja wetu. Alianza kwa aibu, maana vijana wa mikokoteni walikuwa wanamwangalia. Baada ya nusu saa alishawasahau. Alikuwa amechuchumaa mbele ya ukuta wa maboksi ya biskuti, tundu lake limesimama kwenye alama ndogo nyeusi iliyo kila boksi, ule mwavuli wenye matone ya mvua unaosema usilowanishe.

"Kaka," akaniuliza bila kugeuka, "hivi huu mwavuli aliuchora nani?"

Sikuwa na jibu. Nimeuweka mwavuli ule kwenye kazi zangu zaidi ya mara mia. Mtu fulani alikaa akapima unene wa mstari, akaamua mpini upinde kiasi gani, ili kuli asiyejua kusoma auelewe akiwa amebeba boksi begani, na kuli huyo anauelewa.

Sisi watu wa pwani tusijione tumesalimika na tabia hii. Kanga ni usanifu wa kila siku ambao hatukuhitaji msanii wa New York atufundishe kuuthamini: pindo, mji na jina, kila kimoja na kazi yake. Mwanamke anaisoma kanga dukani kwa makini kuliko mhakiki yeyote. Kanga za Kaderdina wa Mombasa zimechapwa ukingoni "K.H.E. – Mali ya Abdulla", na wanunuzi wameliamini jina hilo kwa vizazi. Ni jina la mfanyabiashara. Mkono uliochora embe, jogoo au ua la katikati haukuachiwa hata herufi moja.

Kutoka miaka ya sitini mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1964 ofisa masoko wa Campbell's alimwandikia Warhol barua ya pongezi akamtumia katoni za supu ya nyanya. Miaka michache baadaye kampuni ilikuwa ikiuza gauni la karatasi lililochapwa makopo. Waitaliano wakatengeneza kiti cha plastiki cha kujazwa upepo mwaka 1967, na kochi lenye umbo la glavu ya besiboli mwaka 1970. Denise Scott Brown, aliyezaliwa nchi ambayo leo ni Zambia, na mumewe Robert Venturi waliwapeleka wanafunzi wa usanifu majengo Las Vegas mwaka 1968 kuyasoma mabango ya taa kama maandishi yenye maana. Mwaka 2012 Campbell's walitoa makopo milioni 1.2 yenye rangi za Warhol. Lebo ilikuwa imekwenda makumbusho ikarudi rafuni.

Mahakama nayo ilifikiwa. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lilimlipa mpiga picha Lynn Goldsmith dola 400 ili picha yake ya mwanamuziki Prince itumike mara moja kama kianzio cha mchoro wa Warhol, na jina lake lilitajwa. Warhol akatengeneza mfululizo mzima. Mwaka 2016, Prince alipofariki, kampuni inayomiliki jarida hilo iliilipa taasisi ya Warhol dola 10,000 kwa kuchapisha mchoro mmoja wa mfululizo ule. Goldsmith hakupata senti wala hakutajwa. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na Mei 18, 2023, majaji 7 dhidi ya 2 wakaamua upande wa Goldsmith. Makopo ya supu yalitajwa kwenye hukumu hiyo kama jambo tofauti, kwa kuwa lebo ipo kuuza supu na picha ya Warhol haiuzi supu. Kisheria naelewa. Lakini ona jinsi lebo ilivyopita tena mahakamani kama kitu cha kampuni tu, wakati picha ya kamera ilisimama na mtu aliyeipiga. Goldsmith alikuwa na jina lake kwenye kazi. Mchora vifungashio hukabidhi kazi pamoja na jina.

Mwaka mmoja lebo niliyoichora ilimpatia mteja cheti cha kifungashio bora katika maonyesho fulani ya biashara. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka jukwaani. Likasomwa jina la bidhaa, la mmiliki, na hata la kiwanda kilichochapa, kwa sababu kilikuwa kati ya wadhamini. Mteja wangu alishuka akanikumbatia, akasema, "Kaka, hiki ni chako." Alikuwa mkweli, na alikwenda nacho nyumbani kwake, kwa kuwa kiliandikwa jina lake. Usiku ule ndipo nilipomwelewa Harvey vizuri.

Tangu hapo, kwenye kila mkataba naomba kitu kimoja kisichomgharimu mteja: mstari mmoja chini ya tarehe ya mwisho wa matumizi, herufi za milimita mbili, unaotaja aliyesanifu. Wengi hukataa, wakisema nafasi haitoshi. Mama mmoja wa Mbagala anayesindika chai ya tangawizi alikubali bila kuuliza. Boksi lake lilipotoka kiwandani mwezi uliopita, yule msichana aligeuza la kwanza chini juu, akalitafuta jina lake kwa tundu la kadibodi, kwa kuwa wimbi la mvuke lililo ubavuni ni yeye aliyelichora. Halafu akaenda kulionyesha duka la jirani, kwa muuza vocha, na kwa vijana wa bodaboda waliokuwa wanasubiri abiria.